Kidakatonge cha Mama Mkwe

Niliona kidakatonge cha mama mkwe wangu kabla sijauona uso wake sawasawa. Nikisema hivyo kazini watu hucheka, kisha wale waliooa upande wetu wa Busia huacha kucheka na kuniuliza niliponea wapi. Kidakatonge ni kile kifuniko kidogo cha nyama kilicho nyuma kabisa, kwenye shina la ulimi, kinachoziba njia ya hewa mtu anapomeza ili ugali usiingie mapafuni. Watu wengi huishi na kufa bila kujua wanacho. Mimi kazi yangu ni kulaza wagonjwa kabla ya upasuaji na kuwasaidia kupumua wakiwa wamelala, kwa hiyo nimeviona vya wageni wengi, na sikuwahi hata siku moja kuvifikiria nikiwa ukweni.

Mimi ni mtu wa Marachi, si mbali na Khunyangu, na mke wangu ni Mteso wa upande wa Malaba. Tunabishana juu ya mambo mengi, kuanzia jinsi ya kupika kunde hadi jina la mtoto wa kwanza. Lakini kuhusu mama mkwe, watu wetu na watu wao walikubaliana zamani bila hata kuitisha kikao. Mume wa binti na mama wa binti hawashikani mikono, hawali chakula mahali pamoja, hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi na kusubiri mwenzake apite. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa, mama mkwe nilimjua kwa visigino, kwa mgongo, na kupita vyote hivyo, kwa sauti.

Sauti hiyo ilitoka nyuma ya pazia linalotenga sebule yake na vyumba vya ndani. Alikuwa akiuza mitumba sokoni Malaba, mahali ambapo malori hupanga foleni yakiunguruma mchana kutwa, na alikuwa amejifunza kupaza sauti ipite juu ya injini. Hata nyumbani hakuipunguza. Kwa kuwa haruhusiwi kuniambia kitu moja kwa moja, aliniambia kupitia kwa yeyote aliyekuwepo, hata kama aliyekuwepo ni paka. Mwambieni huyo mtu wa Marachi aongeze nyama, asijifanye mgonjwa. Mwambieni huyo mtu wa Marachi gari lake amelipaki juu ya mboga zangu. Mwambieni huyo mtu wa Marachi kitambi hicho si cha umri wake. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachochoma kama kusemwa na pazia. Ningejibu nini? Jibu langu nalo lilipaswa kupitia kwa mtu, na likifika huko limeshapoa.

Jumamosi ninayoisimulia nilikuwa nimepeleka tangi la maji. Lilikuwa tangi jeusi la plastiki, kubwa kiasi kwamba lori lililolileta lilirudi kinyumenyume kutoka barabarani hadi uani, na watoto wa jirani wakaanza kuimba ndani yake kabla halijawekwa mahali pake. Sitadanganya kwamba nililipeleka kwa moyo mweupe tu. Nilitaka kusifiwa. Nilikuwa nimevaa koti.

Shughuli za boma hilo, tangu baba mkwe afariki, huendeshwa na mdogo wake, yaani baba mdogo wa mke wangu. Mzee huyo alikuwa karani pale mpakani kwa miaka mingi, na ingawa amestaafu bado huzungumza kana kwamba anagonga muhuri. Jambo likipita kwake, limepita. Alinitambulisha kwa majirani kama anavyonitambulisha kila mara, kwamba mkwe wao huyu analaza watu hospitalini na wengi wao huamka. Kisha akaomba dua fupi kwa ajili ya tangi na tukaingia sebuleni kula.

Kuku akaletwa, ugali wa wimbi ukaletwa, na pazia likakaa kimya. Nilijaza sahani nikisubiri kuambiwa nimeweka kidogo. Kimya. Nikachukua paja la pili, jambo ambalo kwa kawaida halipiti bila maoni. Kimya. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo na, kwa bahati mbaya ya macho, nikamwona mama mkwe kwa nyuma. Alikuwa ameketi kwenye kigoda barazani, ametupa mgongo kwetu, ameinama mbele na mikono yote miwili juu ya magoti, kidevu amekisukuma nje kama anayetaka kulinusa lile tangi. Mara kwa mara alijifuta mdomo kwa leso. Sahani yake ilikuwa pembeni haijaguswa. Niliangalia kando upesi kama inavyotakiwa.

Baba mdogo naye alikuwa ameona, na akalipitisha. Aliwaambia wageni watazame adabu. Mama hasemi mbele ya mkwe, mama hali mkwe akiwa ndani, mama amegeuza uso, yote kama mama wakwe wa zamani, si hawa wa siku hizi wanaopiga selfi na wakwe zao. Mmoja akauliza mbona anajifuta na leso. Mzee akasema analia kwa furaha ya tangi. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima, na mimi nikatikisa changu.

Sasa niseme kosa langu, kwa sababu la wengine nimeshalisema. Mimi ndiye ninayewafundisha wanafunzi wa utabibu pale hospitalini kwamba mtu mzima akija analalamika koo, hawezi kumeza hata mate yake, ameketi ameinama mbele na kidevu nje, na hataki kuongea, basi usimguse, usimlaze, usichungulie, nikimbilie mimi. Mkao huo nimeuchora ubaoni mara nyingi mpaka wananitania kwamba sijui kuchora kitu kingine. Na siku hiyo mkao wenyewe ulikuwa umeketi mbele yangu, hatua sita, nami nakula kuku wake. Nilimnong'onezea mke wangu kwamba kama ningejua tangi litamnyamazisha, ningelileta tangu mwaka wa kwanza. Mke wangu hakucheka. Nimelijutia neno hilo zaidi ya maneno mengi niliyosema kwa hasira.

Kilichomwokoa mama ni baba mdogo na kupenda kwake taratibu. Alisema haifai tangi lipokelewe bila neno la mwenye nyumba, hata moja. Tukasikia kigoda kikisogezwa, miguu ikija polepole, pazia likitikisika.

"Mwambieni huyo mtu wa Marachi asante."

Maneno yalikuwa yake lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito na ya ndani, kama ya mtu aliyetia muhogo wa moto mdomoni akashindwa kuutema na kuumeza. Baba mdogo alifurahi akasema hata sauti leo imenyenyekea. Mke wangu, aliyekuwa akimwona mama yake usoni tangu asubuhi, aliona mama aliyechoka tu. Mimi kwa miaka kumi na moja nilikuwa na sauti yake tu. Sikuwa na kitu kingine cha kumtambulia, na hii niliyoisikia haikuwa yake. Halafu, baada ya lile neno asante, nikasikia akivuta pumzi, na pumzi ikaingia kwa mlio mwembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta mlango ukifunguliwa taratibu. Niliweka paja la kuku chini.

Nikaanza kumhoji mgonjwa kupitia pazia. Mimi namuuliza mke wangu, mke wangu anaingia ndani, mama anatikisa kichwa, mke wangu anatoka kunijibu. Koo lilianza lini? Jana jioni. Linauma? Sana, na mwili una joto. Nikauliza kama anameza mate, na hapo baba mdogo akaingilia kati.

"Mkwe, mate ya mama mkwe wako unataka ya nini?"

Nikamwomba mzee aniwie radhi, lakini anijibu yeyote. Mke wangu akarudi, uso umebadilika, akasema hamezi, anayatema kwenye leso tangu asubuhi, na leso hiyo ni ya tatu. Kumbe furaha ya tangi ilikuwa mate.

Ndipo habari zote zikatoka, moja baada ya nyingine, kama zilivyokuwa zimefichwa ili zisiharibu sherehe. Juzi walikula ngege, kwa hiyo koo lilipoanza kuuma kila mtu alijua ni mwiba wa samaki. Walimpa dawa ya mwiba, yaani tonge kubwa la ugali limezwe bila kutafunwa, lishuke nao. Tonge la kwanza lilirudi. La pili lilirudi na machozi. Asubuhi wakampeleka kwenye duka la dawa, kijana wa pale akamulika kwa simu, akasema koo ni safi kabisa, akampa peremende za kikohozi. Na hiyo ndiyo hila ya ugonjwa huu. Ukichungulia kwa mbele huoni kitu, maana kilichovimba kiko chini, nyuma ya ulimi, mahali tochi ya simu haifiki. Koo likionekana zuri na mwenyewe anaumia hivyo, hapo ndipo pa kuogopa.

Baba mdogo, akiwa mtu wa vitendo, alikuwa ameshapata suluhisho. Mama alazwe chali kitandani, midomo ishikwe, na yeye mwenyewe achungulie mwiba huo kwa kijiko kirefu cha kupakulia mchuzi. Alikuwa tayari ameshika kijiko. Nilisimama na kutumia sauti ambayo mkwe haruhusiwi kuitumia katika sebule ile.

"Hakuna mtu anaweka kijiko kwa hiyo mdomo. Na hakuna mtu anamlaza. Akilala, anakufa."

Nilijua nimevunja kitu, lakini hasira zangu kwa mara moja zilikuwa na kazi ya kufanya. Nikawaelezea kwa lile tangi, kwa kuwa lilikuwa pale pale dirishani. Nikasema kooni mna mfuniko kama ule wa tangi, na mfuniko wa mama umevimba umejaa. Bado kuna upenyo pembeni, hewa inapita hapo. Ukiugusa kwa kijiko utashtuka na kuziba. Ukimlaza chali utaangukia shimo na kuziba. Akikaa vile alivyokaa mwenyewe, ameinama, anauzuia usianguke, na hakuna aliyemfundisha. Baba mdogo aliangalia tangi, akaangalia kijiko, akakirudisha kwenye bakuli.

"Kwa hivyo si mwiba, ni mfuniko," akasema, na nikajua limepita.

Likabaki la gari. Kutoka pale hadi hospitali yetu mjini Busia ni mwendo wa nusu saa malori yakiwa na huruma, na gari lililokuwepo lilikuwa langu. Lakini mkwe na mama mkwe ndani ya gari moja, kiti nyuma ya kiti, hilo halijawahi kuonekana. Nilikuwa tayari kupiga kelele tena, ila baba mdogo alishaanza kazi. Aliagiza leso za kujitanda na vibanio vya nguo kutoka kwenye kamba. Wakatundika leso mbili kutoka kwenye dari la gari, nyuma ya viti vya mbele. Mama akaingizwa nyuma pamoja na mke wangu, mimi nikiwa nimetazama tangi. Mzee akaketi mbele kando yangu, akafunga mkanda, kisha akainua mkono na kukipindua kioo cha katikati kikatazama paa.

Hivyo ndivyo nilivyoendesha gari kupita malori ya Malaba, bila kioo cha katikati, nikielekezwa na karani mstaafu aliyekuwa akitoa kichwa dirishani na kunitangazia kilichokuwa nyuma. Mama hakuegemea kiti. Aliinama mbele kama nilivyotaka, akashika mgongo wa kiti changu kwa mikono miwili, nami nikahisi vidole vyake kupitia sponji, vikikaza kila alipovuta hewa. Sikuhitaji kioo. Nilimsikiliza. Ule mlio wa bawaba ulikuwepo tulipoondoka, ukapanda juu tulipokaribia Adungosi, na kila ulipopotea kwa sekunde moja nilikanyaga mafuta, mpaka urudi. Nilimwambia mke wangu azungumze na mama lakini asimwache ajibu. Akamwambia habari za watoto, kisha habari za kuku, na habari zilipokwisha akaanza kumhesabia malori.

Kwenye kizuizi cha polisi askari alitusimamisha kwa sababu ya zile leso.

"Boss, pazia ni ya nini?"

Baba mdogo akamjibu kwa utulivu kwamba nyuma kuna mama mkwe wa huyu anayeendesha, na ni mgonjwa. Askari alirudi nyuma hatua mbili, akageuza uso wake barabarani, akatupungia mkono tupite. Hakuniomba hata leseni. Nadhani naye ameoa.

Nilikuwa nimepiga simu kabla hatujaondoka. Niliomba chumba cha upasuaji kiwe tayari, oksijeni iwe tayari, mirija midogo kuliko ya kawaida, na daktari wa upasuaji asimame hapo na kisu chake, ili mrija ukikataa kupita mdomoni atoboe shingo mara moja. Nilitarajia mwenzangu wa zamu ndiye atamshika mama, mimi nikae nje na baba mdogo na kujifanya mtu wa kawaida. Tulipofika nikaambiwa mwenzangu yuko chumba cha pili na mama mjamzito anayepasuliwa, amemlaza tayari na hawezi kumwacha. Hospitali kubwa ya Kisumu ilikuwa mbali. Kwa mlio ule niliokuwa nikiusikia, mama asingefika hata Bumala, mwanzo tu wa njia hiyo.

Mhudumu alileta kitanda cha magurudumu na kutaka kumlaza. Nikamzuia. Tukamsukuma akiwa ameketi, leso kichwani, oksijeni ikipuliziwa chini ya leso. Nesi akapata mshipa mkononi na kuweka dawa ya bakteria na ya kupunguza uvimbe, lakini dawa hizo huchukua saa nyingi, na sisi saa nyingi hatukuwa nazo. Mrija ulipaswa kuingia sasa hivi, wakati upenyo ungalipo.

Na mama akakataa. Hakuweza kusema, lakini leso alisema nayo. Nilipoingia na kusimama mbele ya meza aliivuta ikafunika uso mzima mpaka kifuani, akaishika kwa ngumi. Daktari wa upasuaji, mwanadada aliyetoka upande wa Pwani, alinitazama kama anayesubiri tafsiri. Nikamweleza. Akasema anaweza kumtoboa shingo, lakini mrija ni kazi yangu mimi. Mlio chini ya leso ulikuwa umeanza kupungua, na si kwa sababu nzuri. Wagonjwa wa namna hii huchoka, na wanapochoka hunyamaza. Nilifikiria ule ukimya wa mchana nilioufurahia, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika chumba kile. Ni mtu mwenye roho yake, ana ngumi yake, na anaweza kuchagua heshima akafa nayo.

Mke wangu alikuwa ameruhusiwa kusimama karibu naye, amevishwa gauni la kijani linaloburuzika. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Nilikuwa nimevaa kofia ya kazi mpaka kwenye nyusi, barakoa mpaka juu ya pua, gauni, glavu, viatu vya mpira. Akainama kwenye leso.

"Mama, amejifunika. Yeye ndiye ako ndani ya pazia."

Hatukuwahi kulifikiria hilo, si mimi wala yeye wala wazee wote wa pande mbili. Desturi inataka mmoja wenu afunikwe, na hakuna aliyewahi kuandika ni yupi. Ngumi ikalegea. Leso ikashuka, kwanza mpaka kwenye macho, akanitazama, akachukua muda wake kama anayekagua suti ya mtumba, kisha akaiachia yote.

Tulimlaza usingizi akiwa ameketi vile vile, kwa dawa ya kuvuta, taratibu, apumue mwenyewe mpaka mwisho. Daktari alikuwa na vidole kwenye shingo ya mama na kisu mkononi. Alipolegea tukamshusha kidogo tu, nikaingiza kifaa changu chenye taa, na ndipo nikakiona. Kidakatonge cha mtu mzima ni chembamba, cha rangi ya midomo, hujikunja kama jani. Cha mama mkwe kilikuwa chekundu na kimevimba duara kama nyanya, kimeketi juu ya njia yote. Sikuona tundu. Nikamwomba nesi abonyeze kifua cha mama mara moja. Akabonyeza, na pembeni ya ile nyanya kikatokea kipovu kimoja cha mate. Hewa ilikuwa inatokea hapo. Nikauelekeza mrija kwenye kipovu, ukakwama, nikauzungusha, ukaingia.

Kifua kikapanda. Mtu wa kwanza kupumua alikuwa daktari. Mimi nilifunga mrija kwa plasta, nikasikiliza mapafu pande zote mbili, nikaandika dawa kwa mwandiko mzuri. Macho yaliniwasha kidogo, maana wiki hiyo walikuwa wamebadilisha dawa ya kupigia deki. Ndipo nilipouona uso wake. Ulikuwa uso wa mke wangu uliokaa juani miaka mingi zaidi, na alama ndogo kwenye kidevu ambayo hakuna aliyewahi kuniambia. Nje nilimwambia baba mdogo kwamba mambo ni shwari na kwamba kwangu alikuwa mgonjwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Nimelirudia hilo kwa watu wengi.

Siku tatu alikaa na mrija, dawa zikifanya kazi, uvimbe ukishuka. Siku ya kuutoa nilimwachia mwenzangu. Nilisimama nyuma ya pazia la wodi, nikasikia akikohoa, akikohoa tena, kisha akinong'ona kitu kwa sauti iliyochubuka. Sikusikia alichosema, na sikuthubutu kusogea.

Baada ya wiki mbili baba mdogo akaitisha kikao. Mkwe ameona koo la mama mkwe wake, na jambo hilo lazima lipite mahali. Wazee walitafuta kesi zinazofanana. Kulikuwa na mkwe aliyegongana na mama mkwe mlangoni, na mwingine aliyeketi kwenye kiti chake bila kujua, lakini koo hapana. Mmoja akauliza, kwa haki kabisa, kama ndani ya mdomo huhesabiwa kuwa uso. Nilikaa kwenye kona yangu, nimevaa lile koti, nikinywa chai. Mwishowe baba mdogo akasimama. Alisema aliyeona alikuwa amejifunika, aliyeonwa alikuwa amelala, kwa hivyo hao wawili hawakukutana. Ila kwa usalama wa boma, mkwe alete pazia jipya, zito kidogo kuliko hili. Ikapita.

Chakula kikaletwa. Nilijaza sahani polepole, nikichelewesha kila kijiko, sikio langu lote likiwa upande ule. Nyuma ya pazia kigoda kilisogea. Kisha ikaja, kavu kidogo pembeni lakini ile ile, ya kupita juu ya injini.

"Mwambieni huyo mtu wa Marachi siku ingine nikilazwa alete yule mwenzake. Mtu gani analia hivyo na ameshikilia pumzi ya watu? Barakoa yote ilikuwa maji hata kabla sijalala. Nilimwona."

Sebule nzima ikageuka kunitazama. Nilitaka kueleza habari za ile dawa ya deki, lakini jibu langu lilipaswa kupitia kwa mtu, na mtu aliyekuwa karibu nami alikuwa mke wangu, naye ameinamia sahani, mabega yanatikisika.

"Na aongeze nyama," sauti ikasema.

Nikaongeza.